Mashine Inashuka Hadi Wapi?

Muuzaji wa duka moja la vifaa pale Gerezani, Dar es Salaam, alizipanga mashine mbili za kuchomelea juu ya meza, moja kando ya nyingine, akaniachia nafasi ya kuzitazama. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa 250 kwa tarakimu kubwa ubavuni. Ya kwanza niliinyanyua kwa mkono mmoja bila kujikaza, na waya wake wa umeme ulikuwa mwembamba kama wa pasi. Ya pili ilinilazimu kuishika kwa mikono miwili, na bei yake ilikaribia mara tatu ya ile ya kwanza.

“Dada, zote ni ampea mia mbili hamsini,” aliniambia kwa upole. “Hiyo nyingine unalipia jina tu.”

Nilimshukuru, nikaondoka bila kununua. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo, kila nilipovuka kwenda Kigamboni ninakoishi, jambo lile lilinirudia. Ikiwa mashine hizi zinafanya kazi ileile, kwa nini moja ina uzito mkubwa namna ile kuliko mwenzake? Na ikiwa hazifanyi kazi ileile, namba ile inapima nini?

## Hesabu ya soketi

Nilianza na kitu kilicho karibu, yaani soketi ya ukutani. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ya ampea 13, na umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Ukizidisha unapata wati 2,990, pungufu kidogo ya kilowati 3. Chochote unachochomeka pale, kiwe jagi la kuchemshia maji au mashine ya kuchomelea, kinaishi ndani ya mpaka huo, au kinauvuka kwa muda mfupi huku nyaya na fyuzi vikipata joto.

Upande wa pili, kwenye ncha ya kijiti cha kuchomelea, kile kinachoyeyuka na kuunganisha chuma, ipo kanuni inayotumika kimataifa kupimia mashine za vijiti: volti za tao la umeme, yaani ule mwali unaowaka kati ya kijiti na chuma, huhesabiwa kuwa 20, kisha huongezwa 0.04 kwa kila ampea moja. Kwa ampea 250, volti zinakuwa 30, na 30 mara 250 ni wati 7,500. Hapo bado hujahesabu umeme unaopotea ndani ya mashine yenyewe na kugeuka kuwa joto.

Hakuna mashine inayoweza kutoa wati 7,500 kwenye tao wakati soketi inaipa wati 2,990.

Kwa hiyo mashine ile nyepesi, iliyokuja na plagi ya kawaida na waya mwembamba, haikuwa mashine ya ampea 250 kwa maana yoyote ambayo ingenisaidia nyumbani kwangu. Namba ile ilikuwa jina la toleo, na watu wengi tunaisoma kama kipimo. Hata ile nzito, kama ingechomekwa kwenye soketi yangu, isingefika huko.

Nilirudia hesabu kwa ampea 80, ambazo ndizo kazi nyingi za nyumbani huzihitaji. Volti zinakuwa 23.2, na nguvu kwenye tao ni wati 1,856. Mashine yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta takriban wati 2,320. Juu ya hapo, mashine nyingi za bei ya chini huvuta umeme kwa midundo mifupi mikali badala ya kuuvuta kwa ulaini, kwa hiyo nyaya hubeba ampea nyingi kuliko kazi inayofanyika. Ukiliingiza hilo kwenye hesabu, unaikaribia ampea 14 ukutani. Ni mpakani kabisa. Inawezekana kwa vipindi vifupi, kwa soketi nzima na nyaya nzima, lakini si jambo la kufanya kutwa kwenye ekstensheni ya kuchajia simu.

Hesabu hii ilinituliza, kwa sababu ilibadilisha swali. Nilikuwa nikiuliza ni mashine gani yenye nguvu zaidi. Sasa niliuliza ni nguvu kiasi gani nyumba yangu inaweza kutoa, na kazi zangu zinahitaji kiasi gani ndani ya hicho.

## Chuma chenyewe ni chembamba

Nilichukua kalamu nikaandika vitu ninavyotaka kutengeneza: benchi la barazani, rafu za stoo, fremu ya banda la kuku, grili ya dirisha la jiko, miguu ya meza ya watoto. Kisha nikaandika chuma cha kila kimoja. Karibu vyote ni bomba za mraba za milimita 25 au 40, na ukuta wake ni wa milimita 1.2 au 1.5. Mara chache nitahitaji flati baa ya milimita 3, na mara chache zaidi angolaini, yaani chuma cha pembe, ya milimita 4.

Mafundi wana kipimo cha kuanzia: takriban ampea 40 kwa kila milimita ya unene wa kijiti, kisha unashuka au kupanda kidogo kufuatana na chuma. Kijiti cha milimita 2.5, ambacho ndicho kinachouzwa kila duka, hufanya kazi vizuri kati ya ampea 70 na 90. Cha milimita 3.2, cha chuma kinene, kinataka kati ya 90 na 140. Lakini ukiweka kijiti cha milimita 2.5 kwenye bomba la ukuta wa milimita 1.2, ukakawia kidogo tu, bomba linatoboka. Kwa bomba kama hilo ni heri kijiti cha milimita 2.0 kwa ampea 40 hadi 60, na mkono usiotua mahali pamoja.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali langu lilikuwa limetazama upande usio sahihi wa mizani.

Shida ya mtu wa nyumbani si kwamba mashine haipandi vya kutosha. Shida ni kama inashuka vizuri. Mashine nyingi zinapofika ampea 40 au 50, tao linaanza kukatika, kijiti kinaganda kwenye chuma, na mtu anaongeza ampea ili kisigande. Akiongeza, chuma kinatoboka. Mwisho anaamini kwamba hana mkono wa kazi hii, kumbe mashine haina utulivu chini. Kwenye boksi limeandikwa inafika wapi juu. Utulivu wake chini haujaandikwa popote, na huwezi kuujua mpaka uijaribu.

## Bamba la nyuma

Mashine iliyotengenezwa kwa kufuata viwango ina bamba dogo, mara nyingi nyuma au chini, lenye herufi ambazo wauzaji wengi hawazitazami. Mimi nilizisoma kwa subira, na ninamshauri kila anayetaka kununua azisome kabla ya kuuliza bei.

Herufi X ni asilimia ya muda. Inaeleza, katika kila kipindi cha dakika 10, mashine inaweza kuchoma mfululizo kwa dakika ngapi kwa ampea fulani kabla haijajizima ipoe. Chini ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60974-1, kipimo hicho hufanywa hewa ikiwa na joto la nyuzi 40, na kwetu pwani, mwezi wa Februari, ndani ya banda lililoezekwa bati, nyuzi hizo si mbali. Mashine iliyopimwa kwenye ubaridi na kuandikwa asilimia kubwa haitazifikia asilimia hizo kwangu.

Chukua mashine iliyoandikwa ampea 160 kwa asilimia 25. Maana yake ni dakika mbili na nusu za kuchoma, kisha saba na nusu za kupumzika. Linasikika kuwa jambo dogo, lakini joto hukua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ukishusha ampea muda unaongezeka kwa kasi: mashine hiyohiyo, kwa ampea 80, inaweza kuchoma bila kupumzika kabisa. Na ampea 80 ndizo nilizokuwa nazihitaji. Tena kazi ya nyumbani haina mfululizo. Unapima, unakata kwa grenda, unabana, unashika kwa nukta mbili, unahakikisha pembe ni mraba, unachoma sentimita chache, unagonga gamba lililobaki juu ya mshono, unapiga brashi. Muda ambao tao linawaka ni sehemu ndogo ya saa nzima.

U0 ni volti zilizopo kwenye kijiti kabla hujagusa chuma. I1max ni ampea za juu kabisa ambazo mashine itavuta ukutani, na I1eff ni zile za wastani ambazo nyaya zako zitazihisi. Kama mashine haina bamba hilo, au ina bamba lenye namba moja tu iliyoandikwa kwa mbwembwe, nadhani umekwisha kujibiwa.

## Maneno ya fundi wa mtaani

Nilipokuwa karibu kuamua, nilimpitia fundi anayechomelea mageti mtaani kwetu. Mashine yake ni ya kusukwa: bamba za chuma zilizopangwa, koili za waya wa shaba, mafuta ndani ya pipa la bati, na nati za kuhamishia waya unapotaka ampea zaidi. Ameitumia miaka mingi. Nilimweleza kwamba ninataka inverta.

“Dada yangu, hii ikiungua naisuka upya wiki hiyohiyo,” alisema. “Shaba ipo, mafundi wapo. Hiyo yako ikiungua utaipeleka wapi?”

Sikuwa na jibu, na hoja yake ilinirudisha nyuma kwa muda mrefu.

Ana haki. Inverta inaugeuza umeme wa ukutani, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kuwa mnyoofu, yaani wa kwenda upande mmoja tu, kisha inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde kwa transista, ambazo ni swichi za elektroniki, na kwa sababu ya kasi hiyo transfoma yake ya ndani inaweza kuwa ndogo sana. Ndiyo maana ni nyepesi. Lakini wepesi huo umejengwa juu ya bodi ya elektroniki, na feni inayoipoza bodi hiyo inavuta kila kilicho hewani. Vumbi la grenda ni chuma, na chuma kinapitisha umeme. Likitua katikati ya miguu ya transista, bodi inapiga shoti. Kigamboni kuna na chumvi ya bahari, ambayo haihurumii kitu chochote cha chuma. Mashine ya koili ndani ya mafuta inayastahimili yote hayo.

Kwa mtu mwenye karakana, anayechoma kutwa vijiti vya milimita 3.2 kwenye chuma kinene, na ambaye laini yake ya umeme inabeba mzigo huo, ningesema mashine ya koili bado ina heshima yake.

Kilichonigeuza ni hali zangu mwenyewe. Mashine ile ina ngazi chache za ampea, na ngazi yake ya chini kabisa iko juu ya kile ambacho bomba langu jembamba linaweza kuvumilia. Fundi mwenye mkono wa miaka mingi anaifidia hiyo kwa kasi. Mimi sina mkono huo. Pia inatoa umeme wa kubadilika, ule wa kwenda na kurudi, ambao unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na kila mara tao linakaribia kuzimika. Vijiti vya E6013 vimepakwa unga unaosaidia tao kurudi, ndiyo maana vinaenea kila duka, lakini kwenye ampea za chini mwanafunzi anauhisi ule mtikisiko. Inverta inatoa umeme mnyoofu. Tao linatulia, na unaweza kugeuza nyaya, kijiti kikawa upande wa hasi, ili mshono usizame sana kwenye chuma chembamba.

Halafu ipo sababu ya majirani. Mashine ya koili inapoanza kuchoma, taa za nyumba mbili tatu zinapepesa. Mimi ninaishi nao.

## Jasho

Jambo hili linazungumzwa kidogo mno kwetu, nami nataka kulikazia.

Pwani tunafanya kazi tukiwa tumelowa. Glavu zinaloa jasho, shati linaloa, mtu anapiga goti juu ya chuma kilekile anachokichomelea. Ngozi iliyolowa inapitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kiwango nilichokitaja juu kinatambua hatari hiyo: kwa mahali penye hatari kubwa ya kupigwa na umeme, volti za kijiti kisichogusa chuma zinaruhusiwa kufika 113 zikiwa za umeme mnyoofu, lakini zikiwa za umeme wa kubadilika ukomo wake ni 48. Tofauti hiyo inaonyesha jinsi umeme wa kubadilika unavyodhuru mwili na moyo kwa volti chache zaidi.

Na katika mashine ya kusukwa, kinachokutenga na volti 230 za ukutani ni kihami kilichozungushwa kwa mkono kati ya koili mbili. Kikiwa kizuri, uko salama. Kikichakaa, hutakiona.

Hili peke yake lingetosha kunifanya nichague inverta iliyopimwa, yenye ethi, na ikiwezekana yenye kifaa cha kushusha volti za kijiti pale usipochoma.

## Gesi na upepo

Rafiki aliyesomea uchomeleaji kwenye chuo cha ufundi cha VETA alinishauri nifikirie MIG, ile ya waya unaojilisha wenyewe. Kwa bomba jembamba hakuna kinachoishinda, na mtu huijifunza haraka. Lakini inataka mtungi wa gesi, na mimi ningechomelea uani, ambako upepo wa bahari unaipeperusha gesi kabla haijaukinga mshono. Waya wenye unga ndani hauhitaji gesi, ila si kila duka la vifaa linao, wakati vijiti vipo hadi maduka ya mtaani. TIG, njia nyingine inayotumia gesi, niliiacha bila kuitafakari sana. Ni kazi safi, ya polepole, na ya gharama.

## Vilivyo nje ya mashine

Nilipohesabu, niliona kwamba sehemu kubwa ya fedha zangu ingekwenda kwenye vitu visivyo mashine, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kofia ya kuchomelea inayojitia giza yenyewe, ya giza namba 10 kwa ampea zangu. Miwani ya jua haifai kwa kazi hii. Mionzi inaunguza jicho, na maumivu yanakuja usiku kana kwamba mchanga umemwagwa machoni. Glavu za ngozi, mbili, ili moja ikauke. Viatu vilivyofunika mguu mzima. Pazia la turubai, kwa sababu nina watoto nyumbani na watoto hupenda kutazama mwanga.

Mwaka 2017 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, pamoja na vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kazi itafanyika nje, nikisimama upande ambao upepo unauondoa moshi usoni. Bomba lililopakwa zinki nitalisaga hadi rangi ya chuma ionekane kabla sijaligusa kwa kijiti, huku nikiwa na barakoa ya chembechembe. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka usiku wa siku hiyohiyo.

Na umeme. Nilipima soketi kwa mita saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha kila kitu, nikakuta volti 205. Mashine nyingi nzuri huvumilia upungufu wa asilimia 15, yaani hadi takriban volti 195, kwa hiyo nina nafasi, ingawa ni ndogo. Nitachomelea mchana. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, amenivutia laini ya peke yake kutoka kwenye bodi kuu ya umeme ya nyumba, waya wa milimita za mraba 4, na breka yake, mpaka kwenye soketi kubwa ya uani.

## Nilichochagua

Nilinunua inverta ya ampea 160 kwa asilimia 25, inayoshuka hadi ampea 20, yenye bamba kamili nyuma. Si mojawapo ya zile mbili za kwanza. Niliipata kwa muuzaji aliyekubali jambo nililomwomba kabla ya kumlipa: aiwashe pale dukani, aiweke ampea 45, na tuijaribu kwa kijiti cha milimita 2.0 kwenye kipande cha bomba la milimita 1.2 nilichokuja nacho mkobani. Tao lilitulia. Kijiti hakikuganda, bomba halikutoboka. Nikamwuliza pia kama wana fundi wa bodi na vipuri, akanionyesha meza ya fundi huyo nyuma ya duka, na mashine zilizofunguliwa juu yake.

Ile hoja ya fundi kuhusu bodi kuungua sijaishinda, nimeipunguza tu. Grenda itafanya kazi upande mwingine wa ua. Mashine itakaa ndani ya nyumba na si bandani, itafunikwa, na itapulizwa vumbi kwa hewa kavu kila baada ya kazi kadhaa, ikiwa imechomolewa ukutani.

Nimeanza na rafu za stoo, kwa sababu mshono wake ukiwa mbaya hakuna atakayeumia. Kaka yangu ameniuliza kama sasa nitatengeneza na jukwaa la tangi la maji. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja ya maji, juu ya vichwa vya watu wanaopita uani, na jukwaa lake litahitaji angolaini nene, vijiti vya E7018 vilivyotunzwa vikavu, na mkono unaojua mshono uliozama ndani ni upi na uliokaa juu juu ni upi. Mashine yangu inaweza kuyeyusha kijiti hicho. Jukwaa atalichomelea fundi wa mtaani, kwa mashine yake ya koili, na nimemwomba aniruhusu nisimame kando yake na kofia yangu nitazame.